Glasi ya Kwanza

Kiivisho, mashine mpya ya kuivisha bia, kilinguruma mara tatu, kikainamisha pua yake ya shaba na kumimina bia ya laga: nyepesi, ya rangi ya dhahabu, angavu hata uso wa jirani ukaonekana ng'ambo ya glasi. Dakika arobaini tu! Laga ya kawaida hulazwa kwenye baridi wiki sita, chachu itulie chini ya pipa taratibu. Mashine hii iliitetemesha chachu kwa mawimbi ya sauti, ikazama upesi.

Mji wa Moshi wa mwaka 2140 ulijaa roboti, ila ushirika wa wapika bia ulikuwa bado wa watu. Wanachama walikuja kuamua: wakikubali Kiivisho, ghala la baridi lifungwe. Mhandisi Anaeli alikuwa amekitengeneza kwa miaka tisa.

Mikono ya roboti ikagawa glasi. Hakuna aliyekunywa.

"Jamani, povu linaisha!" Anaeli akalalama.

Shangazi yake Ndelilio, mtunza ghala, akacheka. "Mwanangu, umesahau desturi ya kwenu? Aliyepika huonja kwanza, ndipo wageni wanywe. Nani kapika?"

"Kiivisho."

"Basi kianze."

Ukumbi ukaangua kicheko. Miaka tisa, vipimo chungu nzima, na mhandisi wetu hajawahi kuonja hata tone! Kwa kuwa mashine haina kinywa, akashika glasi kwa niaba yake, kwa aibu, akapiga funda. Loo! Akaimaliza yote. Wanachama nao wakanywa, makofi yakalia.

"Tumekubali," akasema Mwenyekiti Kiwelu. "Ila kila mpiko, wewe ndiye wa kwanza. Kutwa ni mipiko mingapi?"

"Kumi na miwili," akajibu Anaeli, kisha akaitazama glasi yake tupu.

Mpiko wa pili ukaiva, akaonja. Wa tatu ukaiva, akaonja, akambusu roboti shavuni kwa shukrani.

"Shangazi," akauliza, ulimi mzito, "wewe huonja mara ngapi?"

"Mara moja kila wiki sita. Nakaa na hamu yangu, majirani wanapita kuuliza kama imeiva, tunapiga soga."

Anaeli akakitazama Kiivisho chake kwa mapenzi na huzuni kidogo. "Nimekupa kila kitu isipokuwa koo," akakiambia. Akakizima.

"Ghala lisifungwe," akatangaza. "Hiki ni cha harusi za ghafla tu."

Wakashangilia. Akamkumbatia shangazi kwa nguvu, kwani miguu yake haikuwa ya kuaminika tena.