Kibuyu na Aliyemo

Jioni ile nilitumwa mkaa.

Mke wangu Justina alinipa ndoo akaniambia nisichelewe, maana maharage yalikuwa hayajaiva na mtoto alishaanza kulalamika njaa. Kutoka nyumbani kwetu Kiboriloni hadi kwa muuza mkaa ni mwendo wa dakika tano. Mimi nikapitia kwanza kwenye kafe ya intaneti ya Basili, nyuma ya vibanda vya mitumba, na ndoo yangu mkononi. Nilikuwa na barua moja tu ya kutuma. Haikuzidi mistari minane, na sijawahi kuandika kitu kibaya kuliko kile.

Ulikuwa mwaka 2003. Rafiki yangu Theodory, tuliyesoma pamoja, alikuwa Marekani, na huko alikuwa amegundua mnada wa kwenye intaneti. Huku kwetu mnada ni wa ng'ombe. Unamwona mnyama, unampapasa mgongo, unamfungua mdomo, ndipo unataja bei. Kule watu wanagombania kitu ambacho hawajawahi kukigusa, kwa kuangalia picha na kusoma maneno. Mimi nilitafuta vitu na kuandika maneno. Theodory alivipokea kwa posta na kuvinadi.

Mwanzoni tulituma vinyago. Havikwenda. Tukatuma katambuga, viatu vya matairi, zilizolika visigino, zikagombaniwa. Kengele ya ng'ombe yenye kutu ilipata mtu siku hiyo hiyo, na ile mpya inayong'aa ikakaa hadi tukaisahau. Nikaelewa kwamba wale watu wanapenda jasho la mtu mwingine, mradi wasimjue. Halafu upepo ukageuka. Watu wakaanza kuuza midoli yenye mizimu, vioo vyenye mizimu, hata kiti cha marehemu ambacho eti kinapumua.

"Siku hizi kitu kitupu hakiendi, Ebenezeri," Theodory aliniandikia. "Wanataka kitu chenye mtu ndani. Na uweke jina. Bila jina hawaamini."

Nilicheka. Mimi ni Mlutheri, naimba besi kwenye kwaya, mizimu ilinihusu nini?

Kitu nilishakipata. Kilikuwa kibuyu cha maziwa cha marehemu bibi yangu, mama yake baba. Nilikitungua jikoni kwa mama yangu, Marangu, siku aliyokwenda kwenye kipaimara cha mtoto wa jirani. Sikumwomba. Kilikuwa cheusi kwa moshi, kimevishwa mkanda wa ngozi shingoni, na ukikinusa mdomoni unakutana na harufu ya maziwa mgando na majivu. Nilikiosha mara tatu na harufu ikabaki pale pale. Jioni ninayoisema, kibuyu kilikuwa kimeshafika kwa Theodory. Kilichobaki ni maneno.

"Kaka, dakika mbili nafunga," alisema Basili.

Nikaandika harakaharaka, kwa Kiingereza changu cha sekondari. Ndani ya kibuyu hiki anaishi Aikande. Ni mpole. Ukimwita kwa jina lake jioni, ataitika. Atakayeshinda mnada anachukua kibuyu na aliyemo, na watu wa kwao hawatamdai.

Aikande lilikuwa jina la bibi. Ndilo lililonijia kwanza. Nikabonyeza, nikaenda kununua mkaa.

Sasa nisikilize. Kwetu Uchaggani, mtoto wa kike wa kwanza anapewa jina la bibi mzaa baba. Hilo halina mjadala, hata mlevi wa kilabuni analijua. Mama yangu, kwa sababu hiyo, alikuwa akimwita binti yangu "mama mkwe", na mtoto alikuwa akimjibu kwa kujivuna kama mkwe wa kweli. Nilipofika na ndoo, binti yangu wa miaka saba alinikimbilia mlangoni. Nikamwita kwa jina lake. Nikambeba.

Aikande.

Na bado sikukumbuka nilichoandika.

Kibuyu kilichukuliwa na mama mmoja mjane wa huko kwenye theluji. Bei sitaitaja. Nikiitaja utanitukana, na utakuwa na haki.

Miezi miwili ikapita. Jioni moja Aikande alikuwa uani anaosha vyombo, nami nimekaa mlangoni nahangaika na redio iliyokufa.

"Abee!"

Aliitika na kunyanyuka, mikono imejaa povu. Akanitazama.

"Umeniita, baba?"

"Sijakuita."

"Basi mama."

Mama yake alikuwa ameenda kwa jirani kuomba chumvi. Mtoto akachuchumaa tena, akashika sufuria. Hata hajaisugua...

"Abee!"

Safari hii alikuwa ameugeukia ukuta. Ukuta mtupu wa matofali ya kuchoma. Alikuwa ameinamisha kichwa upande, kama mtu anayesubiri kutumwa.

Kesho yake tena. Keshokutwa tena. Kila jua lilipojificha, aliitika kwa adabu kama tulivyomfundisha, kisha akasikiliza. Na kila alipoitika nilisikia harufu. Maziwa mgando. Majivu. Nilidhani inatoka jikoni. Nikamsogelea.

Ilikuwa inatoka mdomoni mwake.

"Nani anakuita, mama?" nilimnong'oneza.

"Bibi."

"Bibi wa Marangu?"

"Siyo huyo. Huyu hajui kutamka. Anasema Ekendi." Akacheka kidogo. "Baba, mbona hajui jina langu na ananiita kila siku?"

Ekendi.

Hapo ndipo nilipoikumbuka ile mistari minane. Nikakaa chini kwenye maji ya vyombo. Sioni aibu kusema. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa tangu nizaliwe.

Nilikimbia kwa Basili na malapa yangu yasiyolingana. Barua ya Theodory ilikuwa inanisubiri, ina siku tatu.

"Mzee, yule mama amefurahi mno! Anasema akiita asubuhi, jioni ya huko kwenu, anaitikiwa kweli, tena sauti ya mtoto. Inasema 'abei'. Ananiuliza maana yake. Hilo la 'abee' ulimwandikia saa ngapi? Wewe ni shetani wa biashara."

Sikuwa nimemwandikia.

Asubuhi nilipanda gari la Himo, nikaunganisha hadi Marangu. Mama alikuwa anamenya ndizi za mtori.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mama mkwe wangu hajambo?"

Nikautazama msumari mtupu juu ya mafiga, kilipokuwa kikining'inia kibuyu, naye akaniona ninavyoutazama. Kisu kikasimama.

"Kumbe ni wewe," alisema. "Mimi nimemsingizia wizi jirani yangu, Mama Filemon. Tangu kipaimara sijampa hata salamu."

Nilimweleza yote. Hakupiga kelele, na ingekuwa afadhali angepiga. Aliniambia kwamba siku ya kumpa mtoto jina, yeye aliweka midomo yake kwenye mdomo wa kibuyu kile, akaliita jina humo ndani mara tatu, ndipo akamwonjesha mtoto maziwa yaliyokuwamo. Ukoo wetu ulikuwa ukifanya hivyo tangu zamani. Jina lilikaa mle mpaka msichana aolewe.

"Ulijua?"

"Sikujua, mama."

"Na hukuuliza. Ruwa, Mungu wangu! Umekwenda shule miaka yote hiyo, hukuuliza."

Akatoka hadi mpakani mwa kihamba, shamba letu la migomba, akakata jani la isale, akalipiga fundo. Huku kwetu ukimkosea mtu, au ukiwa na ombi lililokushinda, unampelekea isale. Wapo waliosameheana damu kwa jani hilo. Anayeletewa hakatai.

"Mpelekee," alisema. "Mwombe akurudishie mtoto, nawe umrudishie fedha zake."

"Mama, yule ni mzungu."

"Kwani hana moyo?"

Nililituma kwa posta kupitia kwa Theodory, na barua ndefu. Nilieleza kila kitu: jina, bibi, mtoto, maana ya fundo. Justina alinisimamia nikiandika. Nilikuwa nimeshamwambia, na tangu nimwambie alikuwa hanipakulii chakula. Aliweka sufuria mezani akaondoka.

Katika majuma yale ya kusubiri, binti yangu alianza kutupotea. Tulimwita Aikande, hageuki. Tulimwita kwa ukali, hageuki. Mwalimu alituita shuleni kusema mtoto haitiki jina lake likisomwa darasani. Hospitali walimpima masikio wakasema ni mazima. Mchungaji alikuja, akaomba hadi akatokwa jasho, na mtoto akasema amina vizuri kabisa. Lakini jioni ilipoingia, alikwenda mwenyewe ukutani, akasimama pale na kusubiri. Akaitika.

Kisha barua pepe ikaja. Theodory ndiye aliyeituma, fupi. "Yule mama kumbe naye ananadi. Fungua hapa."

Nikafungua. Picha ilishuka polepole, mstari kwa mstari, kama ilivyokuwa kawaida ya mashine za Basili. Kwanza kitambaa cheupe. Kisha ncha ya kijani iliyonyauka. Kisha fundo.

Lilikuwa isale letu. Fundo la mama yangu.

Chini yake yule mama alikuwa ameandika: Jani la msamaha kutoka Kilimanjaro, limetumwa na familia ya mzimu wenyewe. Watu kumi na wanne walikuwa wanaligombania.

Nililia palepale, mbele ya vijana waliokuja kuangalia matokeo ya mpira. Basili hakunidai hata muda niliokaa.

Nilimlazimisha Theodory anipe namba ya simu. Nikanunua vocha, nikapiga jioni, nyumbani, mlango umefungwa. Justina alikaa kando yangu. Mtoto alikuwa kwenye mkeka mbele yetu, ametulia, macho ukutani.

Nilitegemea sauti ya mchawi. Alikuwa mwanamke mzee, mpole, anayekohoa.

"Mama, nakuomba unirudishie," nilimwambia kwa Kiingereza.

"Kibuyu?"

"Aliyemo."

Nilisikia saa ya ukutani ya nyumba yake.

"Nina miaka tisa naishi peke yangu," alisema. "Watoto wangu hawapigi simu hata Krismasi. Huyu nikimwita anaitika. Wewe mwenyewe uliandika kwamba watu wa kwao hawatamdai."

"Nilidanganya. Nilitafuta tu maneno ya kuuzia."

"Hukudanganya, bwana. Sikiliza."

Akaiweka simu mbali na mdomo. Akaita, taratibu, kwa upendo. Hilo ndilo lililoniuma zaidi, ule upendo.

"Ekendi..."

"Abee!"

Sauti ya binti yangu. Ilitoka kwenye simu.

Binti yangu alikuwa mbele yangu kwenye mkeka. Midomo yake haikufunguka.

Justina alininyang'anya simu, akapiga yowe ndani yake, kwa Kichagga, kwa Kiswahili, akimtaja mwanawe. Vocha ilikuwa imeshakwisha. Alikuwa anapigia yowe kipande cha plastiki.

Toka siku ile namba haipatikani. Theodory anasema yule mama aliuza vitu vyake vyote akahama, na kibuyu hajui kimeangukia mikononi mwa nani. Huenda anasema kweli. Huenda naye amechoka na barua zangu. Ninachojua ni kwamba hadi leo mtoto anaendelea kwenda ukutani, na anaitika. Kama yule mama hanacho tena kibuyu, basi sijui anamwitikia nani, na mara ya mwisho nilipomuuliza alisema, "Wapo wengi."

Mama yangu alishuka kutoka Marangu mara moja. Aliingia na ndizi na maziwa, akapiga magoti akamwita "mama mkwe", na mtoto akamwangalia tu kama anavyoangalia mtu wa kwenye kalenda. Mama alikunywa chai, akaondoka na gari la saa tisa. Hajarudi tena.

Justina hakukata tamaa upesi. Alimwita Aikande asubuhi, Aikande mchana, Aikande wakati wa kumwogesha, hadi sauti ikakauka. Aliniapia kwamba lile jina lingine halitatamkwa ndani ya nyumba yake. Kisha jioni moja, chakula kiko mezani kinapoa na mtoto amesimama uani tangu atoke shule, hajala, hajanywa, nikasikia likiitwa.

"Ekendi!"

Nilishtuka nikatazama ukutani. Haikuwa sauti ya mbali. Alikuwa mke wangu, ameegemea mlango, na alipomaliza kuita akajiziba mdomo kwa khanga.

Mtoto akageuka. Akatabasamu.

Sasa ndivyo tunavyomwita. Majirani wanatucheka kwa sauti, bombani na sokoni. Wanasema intaneti imetulevya, hata jina la bibi yetu tunalitamka kizungu. Tunacheka nao, tufanyeje.

Akiitwa hivyo anakuja mbio. Anaitika vizuri, ananawa, anakula, anamaliza. Anakunja mikono na kushukuru. Halafu anamgeukia Justina na kumuuliza, kwa adabu, kama mgeni anavyouliza, atarudishwa kwao lini.