Kigurudumu cha Pili

Aliyeisimulia hadithi hii kwanza ni Filda, mkunga wa jirani, msibani Koboko, Uganda, mwezi wa nane mwaka 2017. Shamira alikuwepo, akasikiliza mpaka mwisho, wala hakuikana.

Sule alikuwa akichimba choo nyuma ya nyumba mpya ya Keji, mke wake mdogo, jembe likagonga shaba. Vipande alimpelekea Shamira, mke mkubwa, kwa sababu baba yake Shamira alitengeneza taa za mafuta sokoni Arua miaka thelathini. Vilijaa udongo mgumu, lakini vilinuka mafuta ya taa kana kwamba vimejazwa asubuhi ile.

"Mama Akram, hii kitu iko ya zamani?" Sule alimwuliza.

Shamira alivisugua kwa majivu na ndimu. Vichwa viwili vya taa, matangi mawili yaliyopondwa, na senti kumi yenye tundu iliyoganda chini ya tangi moja, ya mwaka 1942.

"Taa ziko mbili, na hazikuzikwa kabla ya hiyo mwaka," alisema. "Kichwa moja kigurudumu yake iko. Ingine imepotea."

Haikuwa imepotea. Kigurudumu cha pili, kile cha kupandishia utambi, alikuwa amekibana kiganjani. Kilikuwa na joto. Tangu Keji aolewe Shamira alikuwa amegawana naye kila kitu, hata kicheko cha Sule. Hiki kilikuwa chake peke yake.

Sule aliviweka vichwa dirishani kwa Keji.

Jioni Shamira alikizungusha kigurudumu kidogo, kwa mchezo tu. Ng'ambo ya ua, balbu ya sola ya Keji ikafifia. Akazungusha tena. Ikazima.

"Sola yake imekufa," Sule alisema akiingia kwa Shamira. "Nitalala hapa."

"Karibu. Hapa haifi," Shamira akamjibu, akacheka.

Wiki tatu alizungusha na kucheka hivyo. Kisha akaanza kusikia meno ya kigurudumu yakisaga, kr, kr, wakati mkono wake uko kwenye unga, na kigurudumu kiko sandukuni chini ya nguo.

Uchungu wa kuzaa ulimwanza Keji saa ya magharibi. Filda alikuja na tochi. Ilipovuka kizingiti ikafa, na simu ya Sule nayo ikafa.

"Dada mkubwa," Keji alimwita Shamira gizani, "shika mkono yangu."

Shamira hakuenda kuushika. Alikimbia kwake, akafungua sanduku, akakishika kigurudumu akirudishe juu, lakini kilikuwa kinazunguka chenyewe kuelekea chini, jino baada ya jino, na kwa kila jino sauti ya Keji ng'ambo ya ua ilipungua, na juu ya vidole vyake vikalala vidole vingine, vya baridi, vinavyonuka mafuta ya taa, na pumzi ikamgusa sikioni na kusema taratibu, kama mtu anayemsaidia kazi:

"Mke mwenzangu, bado kidogo."

Alirudi akipiga kelele. Filda, mikono yake ikiwa imelowa, hakugeuka.

"Mama yangu alikuwa mkunga kwa hii boma," alisema. "Mke mkubwa wa Yakani, babu ya Sule, alitoa kigurudumu kwa taa ya mwenzake siku ya kuzaa. Yule mke mdogo alikufa kwa giza. Mzee akavunja taa zote mbili, akazika. Shamira, niliona kichwa moja kwa dirisha haina kigurudumu. Iko wapi?"

Sule alikuwa amesimama mlangoni. Shamira alijua akifungua kiganja, Sule hatamwangalia tena vilevile.

Akakifungua.

"Mimi nilificha," alisema. "Nilikuwa nazima mimi."

Akapapasa dirishani, akapata kichwa kisicho na kigurudumu, akakichomeka. Meno yalishikana. Akapandisha kwa nguvu zake zote, na kulikuwa na mtu anayeshusha, mpaka kitu kikaachia ghafla. Balbu ikawaka. Mtoto akalia.

Vipande vilizikwa upya, kila taa na kigurudumu chake, na Shamira ndiye aliyevipanga.

Filda alifariki mwaka 2021. Keji yu hai, yuko Oli, mjini Arua, na bintiye. Sule yu hai na anaishi nao huko. Shamira yu hai, peke yake Koboko. Akilala, kidole gumba chake na cha shahada huzunguka hewani, kuelekea chini. Na huko Oli, siku nyingine, taa hufifia.