Pafyumu Aliyoichagua Maëlle

"Madamu, hii iondoe kabisa. Inanuka mbuzi aliyenyeshewa!"

Corentin alikuwa amenyoosha mkono mbali na pua yake kama mtu aliyeshika kitambaa cha choo. Madamu Roubaud, mwenye duka la manukato, hakukasirika. Alimshika kiganja, akanusa kifundo cha mkono, akatikisa kichwa.

"Kwenye karatasi ilikuwa nzuri. Kwenye ngozi yako imechacha. Hii haikufai, bwana. Hebu jaribu hii ya malimau."

"Aah! Hii sasa ndiyo."

"Hapana," Maëlle, mkewe, alidakia. "Tunachukua ile ya kwanza."

"Mpenzi, umeinusa vizuri kweli?"

"Nimeinusa. Kila siku unarudi unanuka dawa ya bwawa. Nami nataka kunusa mume, jamani."

Corentin alikuwa mwalimu wa kuogelea pale Grasse, mji wa Ufaransa ambao hata muuza samaki anajifanya bingwa wa manukato. Dawa ya bwawa ilikuwa imemwingia hadi kwenye nywele. Atabisha nini? Na isitoshe, alimpenda yule mwanamke kupita kiasi. Akalipa, wakaondoka.

Tangu hapo ikawa mateso. Asubuhi Maëlle mwenyewe ndiye aliyempulizia: shingoni, kifuani, kwenye kola. Akimaliza hapo anahamia kwenye koti, kwenye mito, hadi ndani ya gari.

"Viti vya gari navyo?"

"Ili nikiendesha nikukumbuke."

Maneno matamu hayo. Corentin akayameza pamoja na kahawa. Kazini mwenzake mmoja alimuuliza, "Wewe, siku hizi unalala zizini?" Akacheka naye, kisha akaenda kujisugua shingo hadi ikawa nyekundu. Wapi! Harufu imeganda.

Jumapili moja wakaalikwa chakula cha mchana kwa Anselme, wakili aliyekuwa bosi wa Maëlle. Anselme aliwapokea mlangoni, akamwinamia Corentin wabusiane mashavu kama kawaida ya watu wa huko.

Corentin akanusa pafyumu shingoni kwa Anselme. Ilikuwa ile ile! Ila kwa Anselme ilitulia, ikanukia mbao kavu na tumbaku. Kama vile ilitengenezwa kwa ajili yake.

Akaja Hortense, mke wa Anselme. Akambusu Corentin shavu moja, la pili hakulifikia.

"Haa! Na wewe unatumia pafyumu ya mume wangu?"

"Mke wangu ndiye aliyenichagulia."

Hortense alicheka. Kicheko kikamkatikia njiani.

"Maëlle, uliijulia wapi?"

"Si… ofisini. Anselme hujipulizia."

"Ofisini? Karani wao ana pumu, Anselme haruhusiwi kuvaa chochote pale. Anajipulizia jioni tu, akienda kuonana na wateja."

Hortense akamkazia macho mumewe.

"Hortense, chakula kinapoa," Anselme alisema, macho chini.

"Wateja gani hao, Anselme?"

Corentin alimgeukia mkewe. Uso wa Maëlle ulikuwa umeiva kama nyanya.

"Kumbe ndiyo maana ukapulizia hadi viti vya gari?"

"Corentin, tafadhali, si hapa."

"Ulitaka nyumba nzima inuke yeye, ili ukirudi nisijue umetoka wapi. Ndivyo?"

Maëlle aliuma mdomo. Alipojibu, sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka tu, haikuwa na aibu hata kidogo.

"Nilichoka kuoga kila nikitaka kurudi nyumbani."

Corentin alitoka nje, lakini hakufika mbali. Alitapikia maua ya bustani, akatapika hadi machozi yakamtoka. Miezi yote hiyo amembeba mwanaume mwingine shingoni kwake! Amemlalia kwenye mto! Na mkewe alipomkumbatia gizani akivuta pumzi ndefu, alikuwa akimvuta nani?

Hortense alimletea maji.

"Sukutua, kaka yangu. Na mimi mashati yake nilikuwa nayanusa kabla ya kuyafua. Kwa mapenzi, eti."

Corentin alivua shati, akalitupa kwenye pipa la taka pale getini, akaanza kuteremka mlima kifua wazi, watu wakimkodolea macho kutoka mikahawani. Simu ikalia. Hakupokea. Ujumbe ukaingia:

"Rudi tuongee. Naapa namuacha."

Kisha mwingine:

"Ulikuwa ni mwili tu, Corentin. Moyo wangu uko kwako siku zote."

Alisimama katikati ya barabara, akaandika kwa kidole gumba:

"Basi nitumie huo moyo kwa posta. Mwili baki nao huko huko."

Akaizima simu. Talaka alikwenda kuidai mwenyewe, na hakuna aliyemrudisha nyuma.