Simu Ndani ya Droo

Jumatatu asubuhi korido ya hospitali haikuwa ikipitika. Mbele ya lifti, daktari mwenye doa la chai kwenye shati alimkanyaga mkunga.

"Kaka, hicho ni kidole changu, si ngazi."

"Nisamehe, dada. Nifanye nini unisamehe?"

"Uniambie kama unasikiliza podikasti yangu."

Ndipo daktari akamtambua. Kila wiki mkunga huyo alirekodi somo la dakika saba kuhusu dalili moja ya hatari, na kila aliyesikiliza hadi mwisho alipata alama za mafunzo kazini.

"Sikosi hata moja," daktari akajibu bila kupepesa macho.

Ulikuwa uongo. Alikuwa akibonyeza kipindi kianze, akizima sauti, akiifungia simu kwenye droo na kuendelea na wagonjwa. Alama zilijiingiza zenyewe.

Wakapendana. Simu za jioni zikawa ndefu.

"Kipindi changu cha leo kilikuwaje, mpenzi?"

"Asali tupu."

"Hebu niambie nilisema nini."

"Wee! Sauti hiyo ikishaingia masikioni, maneno nayashika saa ngapi?"

Mkunga alicheka, ingawa orodha ya wasikilizaji ilimwonyesha kwamba daktari amemaliza vipindi vinne saa ambazo alikuwa chumba cha upasuaji. Hakumuuliza. Alipenda kusifiwa.

Alhamisi moja akaja mama kijana, siku tisa tangu ajifungue. Kichwa kinamuuma, macho yanaona ukungu. Foleni ilikuwa imefika nje. Daktari akamwandikia dawa ya maumivu, akamwambia akapumzike. Presha hakumpima. Kesho yake akarudishwa na kifafa cha mimba, ambacho huweza kuja hata baada ya kujifungua, na kabla ya jioni akafariki.

Daktari alifungua droo, akasikiliza kwa mara ya kwanza. Kilikuwa kipindi cha wiki tatu nyuma: "Mama aliyejifungua akilalamika kichwa, hata kama siku zimepita, mpime presha kabla hujaandika chochote." Alisikiliza akiwa amesimama, hadi mwisho, kisha akaanza upya.

Wiki mbili hakupokea simu za mkunga. Mwishowe mkunga akamfuata kwenye ngazi za nyuma.

"Kama una mwingine, sema nijue moja."

"Sina mwingine. Sikuwa nikikusikiliza." Akamweleza yote: droo, alama, marehemu.

Mkunga aliketi kwenye ngazi, sare yake nyeupe ikafagia vumbi.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua nini?"

"Kwamba husikilizi. Niliona kwenye orodha. Niliogopa nikikuuliza utaniacha."

"Usijibebeshe langu."

"Hili ni langu. Lako unalo."

Daktari alikuwa ameshamwandikia mganga mkuu wa hospitali kukiri kosa lake. Siku iliyofuata alikwenda peke yake kwa mama wa marehemu. Mama huyo alimsikiliza huku akimbembeleza mjukuu, hakumkatiza. Kisha akauliza:

"Na wenzako wanajua?"

"Hapana, mama."

"Basi waambie, asije mwingine akarudishwa nyumbani kama mwanangu."

Jumamosi daktari alikwenda kwenye stoo ya mashuka, ambako mkunga hurekodi kwa sababu hakuna mwangwi. Alikuwa amekonda; kola ya shati ilimpwaya.

"Jina lako tulifiche?" mkunga aliuliza.

"Nitalisema mwenyewe." Akatazama kinasa sauti. "Nikishamaliza, utabaki na mimi?"

"Sijui. Sema kwanza."

Akasema jina lake. Akasema tarehe, foleni, dawa aliyoandika. Alipofika kwenye "sikumpima presha," sauti ikamkatika, akaficha uso kwa viganja.

Mkunga hakuzima kinasa sauti. Alisogeza kiti chake hadi magoti yao yakagusana.

"Endelea," alisema. "Niko hapa, mpenzi wangu. Endelea."