Mpaka Sheria Ibadilike

Suruali ya Levis ilipasukia katikati ya soko la Migori, Jumatatu ya kufungua shule, wazazi wakisukumana vibandani na watoto wakivutwa mikono. Alikuwa akishuka kwenye bodaboda. Alirusha mguu, kitambaa kikalia chrraa, na mama aliyekuwa akipanga nyanya akapiga kelele, "Yawa!" Levis akaziba nyuma kwa begi lake, akatembea kinyumenyume hadi kibanda cha kwanza alikosikia cherehani.

"Dada, niokoe."

Robi, mshonaji, hakuinua kichwa. Sketi za shule zilikuwa zimerundikana mapajani mwake zikingoja pindo. "Panga laini, kaka. Hawa wote wanataka kuokolewa."

"Yangu haiwezi kungoja. Nikigeuka tu, hawa wazazi watawaziba watoto macho."

Robi akacheka kabla hajajua kwamba anacheka. Akamtupia leso ya maua ya manjano na kumwonyesha pazia. Kijana akatoka huko mrefu, mweusi, shati jeupe limenyooshwa kwa pasi, saa ya nesi ikining'inia kifuani, na leso kiunoni. Akaketi kwenye stuli mbele ya soko zima kama aliyeketi sebuleni kwao.

"Daktari mzima umevaa leso," Robi akasema huku akitia uzi sindanoni.

"Mimi ni nesi. Daktari saa hii angekuwa analia." Akamtazama: gauni la kijani alilojikatia mwenyewe, makasi yakining'inia shingoni kwa utepe, vidole vyepesi. "Na wewe, hiyo Kiswahili yako si ya hapa."

"Mimi Mkuria."

"Basi nimekwisha. Suruali ya Mjaluo imeshikwa na nyar Kuria, binti wa Wakuria."

Alishonewa, akavaa, akashukuru, na hakuondoka. Aliondoka jua lilipoanza kushuka, akiwa na namba ya simu.

Tangu hapo simu ya Robi ikawa haitulii. "Umekula?" "Nimekula." "Umekula nini?" "Levis, wewe ni mamangu?" "Mimi ni nesi, lazima nijue." Jumamosi alipokuwa na nafasi, Robi alikuwa akienda Homa Bay, Levis alikofanya kazi hospitalini, naye akimpokea stendi kwa kelele, "Nyar Kuria amefika, fungeni ng'ombe zizini!" Walikula ngege, samaki wa kukaangwa, kwenye vibanda vya kando ya ziwa, wakilambana mchuzi vidoleni. Levis alimwita *jaherana*, mpenzi wangu, na Robi akajifanya hajui maana yake ili arudie.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo Robi hakuwa amelisema.

Miaka kadhaa nyuma, akiwa chuoni akisomea ualimu wa watoto wadogo, alipanda gari pamoja na kakake Machuki kutoka Isebania, mpakani. Polisi waliwasimamisha. Nyuma kulikuwa na gunia, na ndani ya gunia, chini ya mahindi, kulikuwa na bangi. "La nani?" askari akauliza. Machuki alitazama nje. Mke wake alikuwa amejifungua wiki ile. Robi alisubiri kakake aseme neno, na alipoona hasemi, akasema yeye: "Ni langu."

Alifungwa. Chuo kikamfuta. Machuki alihamia Tanzania na hakuwahi kumtembelea hata mara moja. Robi alipotoka alikuja Migori, mahali ambapo wachache walimjua, akaanza kuwashonea sare watoto aliotamani kuwafundisha.

Siku moja kando ya ziwa Levis alinawa mikono, akaifuta vizuri, akashika mikono ya Robi.

"Nimepata, Robi. Kanada. Hospitali imenikubali."

"Levis! Kweli?"

"Kweli. Na siendi peke yangu. Tufunge ndoa, tupeleke maombi pamoja. Kwako ni pasipoti na kile cheti cha polisi cha tabia njema, basi. Unaenda kuchukuliwa alama za vidole, unarudi." Akamkazia macho. "Nimekuomba tuoane, na wewe unaangalia samaki."

"Ni furaha," Robi akasema. "Nipe muda kidogo."

Kibanda jirani kilikuwa cha Osman, mzee wa vitambaa, na redio yake haikuzimwa kuanzia asubuhi. Msimu ule redio ilijaa mjadala wa bangi. Wengine walitaka ihalalishwe iwe dawa, wengine iwe zao la shambani, wengine wakasema nchi itaangamia. Robi alipunguza mwendo wa cherehani ili asikie. Wakihalalisha, aliwaza, haitakuwa kosa tena. Na kama si kosa, basi sikukosa. Alama zake zingetoka safi, na Levis asingejua kamwe.

Akaanza kungoja.

"Umeenda vidole?" Levis akauliza kwa simu.

"Nimeenda. Mtandao ulikuwa umepotea."

Wiki nyingine: "Na leo?"

"Leo nina sare za shule nzima, mpenzi."

"Robi, tarehe zinapita. Unanipenda ama unanifurahisha tu?"

"Nakupenda. Ngoja kidogo."

"Nangoja nini?"

Robi akasema mteja amefika, akakata simu.

Osman alikuwa ameona jinsi binti huyu anavyoisikiliza redio. Hakumdadisi. Alisema tu, "Mwanangu, kama kuna jambo la sheria, mpwa wangu Mohamednur ni wakili, ofisi yake iko pale juu ya duka la viatu. Mwambie nimekutuma mimi."

Mohamednur alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza.

"Dada Robi, nisikudanganye. Kwanza, huo ni mjadala tu. Pili, hata wakipitisha, kwa kawaida sheria mpya huanza siku inapopitishwa, ikienda mbele. Wewe ulihukumiwa kwa sheria iliyokuwapo. Hukumu yako inabaki, isipokuwa bunge liandike wazi kwamba wale wa zamani wafutiwe."

"Na wakiandika?"

"Mara nyingi husaidia mtu aliyepatikana na msokoto mmoja mfukoni. Wewe lilikuwa gunia. Mbele ya sheria wewe ni mlanguzi."

"Halikuwa langu."

"Lakini ulisema ni lako." Sauti yake ilikuwa ya upole, na upole huo ndio uliomliza. "Tunaweza kuomba msamaha wa rais. Ni njia ndefu, na siwezi kukuahidi kitu."

Alimsindikiza hadi barabarani, akampa kitambaa afute machozi. Simu ikalia.

"Uko wapi, jaherana?" Levis akauliza.

"Niko Kehancha, kwa mama."

"Geuka."

Alikuwa ng'ambo ya barabara, amevaa lile shati jeupe, mkononi ameshika keki ndani ya mfuko. Alimtazama Robi, akamtazama mwanaume mwenye suti, akatazama kitambaa. Akauweka mfuko juu ya ukuta mfupi na kuondoka. Robi alimwita hadi wauza miwa wakaacha kumenya. Hakugeuka.

Alipiga simu, haikushikwa. Alituma ujumbe, haukujibiwa. Wiki ilipokwisha akafunga kibanda, akaenda Homa Bay, akasimama nje ya lango la hospitali huku manyunyu yakimlowesha kitambaa cha kichwa. Levis alipotoka zamu alitaka kumpita, kisha akasimama. Wakajibanza chini ya paa la kioski kilichofungwa.

"Yule mtu ni nani?"

"Wakili."

"Wakili wa nini?"

"Wa bangi."

Levis alicheka kicheko kibaya. Kisha akaona uso wake, kicheko kikafa. Robi akamweleza yote: gari, mahindi, Machuki akitazama nje, neno lile moja. Alizungumza akiangalia maji yanayopita kwenye mtaro, hakuthubutu kumwangalia.

"Kwa hivyo mimi ningejua lini?" Levis akauliza. "Uwanja wa ndege?"

"Nilikuwa nangoja sheria ibadilike. Nikikuambia, iwe ni hadithi tu. Isiwe kosa."

"Ungeniambia gunia, ningekuuliza tu lilikuwa na uzito gani. Lakini wewe uliniambia uko kwa mamako, na mimi nakuona kwa haya macho." Mvua ikazidi. "Na huyo kakako, hata barua?"

"Hata barua."

Ndipo akamvuta kifuani, akiwa amelowa vile vile, na Robi akalia kilio alichokuwa amekikalia tangu mahakamani.

"Basi siendi," Levis akasema juu ya kichwa chake.

"Utaenda. Ulisomea ule mtihani wa Kanada mpaka macho yakakauka. Mamako ameshawaambia kanisa zima. Sitaki kila ukiniona, uone Kanada."

Walibishana juma zima. Robi akashinda, na ushindi ule ulimuuma kuliko kushindwa. Levis aliondoka. Mohamednur akapeleka ombi la msamaha. Redio ya Osman iliacha bangi, ikahamia kwenye barabara mbovu.

Simu za Levis zilikuja alasiri, huko kwake kukiwa asubuhi. Mwanzoni zilikuwa na mizaha: baridi imemgandisha pua, chai yao ni maji ya kuoshea vikombe. Kisha mizaha ikapungua.

"Nimeona kitu leo," alisema siku moja. "Ninaposhukia basi kuna duka la vioo, lina taa nzuri. Nikadhani ni la dawa. Robi, wanauza bangi. Mama mzee ametoka na kifuko chake, akanisalimia."

Robi aliondoa mguu kwenye cherehani. "Na wao waliofungwa zamani kwa hiyo hiyo?"

"Nimeuliza kazini. Wanasema wa kesi ndogo anaruhusiwa kuomba afutiwe. Lazima aombe mwenyewe. Wengi hawajaomba, ama hawajui."

"Gunia la Machuki lingetosha duka hilo?"

"Lingejaza rafu moja."

Walicheka. Kicheko kikafika katikati, kikakatika.

"Robi," Levis akasema. "Nirudi?"

Robi alijua jibu la mtu mwema. Lilikuwa tayari mdomoni: baki, jitunze, usinijali. Alitazama sare zilizotundikwa mbele yake, ndogo, safi, zote za watoto wa watu.

"Rudi," akasema.

"Umesema nini?"

"Nimesema rudi. Nakutaka hapa."

Alirudi wakati wa mvua ndefu, amekonda. Nafasi yake hospitalini ilikuwa imeshachukuliwa, akapata kazi katika zahanati ndogo kule Sori, akishona majeraha ya wavuvi na kutibu malaria. Siku ya harusi Robi alivaa gauni la rangi ya maziwa alilojishonea, naye mama mkwe alikaa mstari wa mbele, uso ameugeuzia ukutani. Ombi la msamaha halijajibiwa hadi leo. Mohamednur huuliza, huambiwa asubiri.

Jioni moja Robi alimkuta Levis mlangoni na simu mkononi. Rafiki wa Kanada alikuwa ametuma picha: manesi wamesimama kwenye theluji, wanacheka. Aliitazama kwa muda mrefu.

Robi aliketi kando yake. "Unajuta?"

"Siku zingine, ndiyo."

"Na leo?"

Akaifunika simu juu ya goti. "Leo nina njaa."

Robi akaingia ndani kupepea makaa.