Breki Inayomkataa Bibi Harusi

Breki ilianza kutetema siku ile ile fundi alipompakia mkewe mpya kwenye pikapu yake kuukuu. Alipokanyaga tu, kiti cha mke kikatikisika hadi meno yake yakagongana.

Fundi akacheka. Magari si ndiyo kazi yake? Usukani ukitetema, kosa liko mbele; gari zima likitetema, tazama nyuma. Lakini usukani ulikuwa tuli. Akabadilisha pedi, akachonga diski, akafungua ngoma za breki za nyuma akazikuta safi. Akampakia shemeji yake mnene kwenye kiti kile kile: shwari. Akampakia mke: meno tena, na safari hii harufu ya marashi ikapanda kutoka chini ya kiti.

"Nani huyo?" mke aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nani yupi? Gari tu hili."

"Gari halijipaki marashi, mume wangu."

Wivu ukamkaba mke. Kesho yake mlango wa upande wake ukafunguka wenyewe wakiwa kwenye mwendo, akaponea chupuchupu.

Ndipo akaitwa shangazi yake fundi, mganga wa majini. Akagusa usukani, akauondoa mkono upesi.

"Uliwahi kumwambia nini huyu?"

Fundi akaona haya. Enzi za ukapera, kila akiliosha gari alilitania: wewe ndiye mke wangu, sioi mwingine.

"Basi kuna aliyesikia, akakubali," shangazi alinong'ona. "Mpe talaka tatu, kwa sauti. La sivyo atamuua huyu binti."

Fundi akasimama mbele ya boneti. "Nimekuacha." Akarudia: "Nimekuacha." Hapo ikatoka kwikwi ya mwanamke ndani ya injini, ya mtu anayelia huku amejiziba mdomo, na marashi yakajaa gereji nzima, na fundi akakumbuka miaka kumi na mmoja ambayo chuma hiki hakikuwahi kumlaza njiani hata siku moja, na mkono wake ukaanza kulipapasa boneti.

"Ya tatu, mwanangu! Sema!"

"Mbili zinatosha, shangazi."

"Mbili unaweza kumrejea," mke alisema, machozi yakimlengalenga. "Kumbe unampenda!" Akachukua mkoba wake, akashika njia ya kwao kwa miguu.

Fundi akarukia garini amfuate. Alipomfikia akakanyaga breki, na jamani, ilikuwa laini ajabu, ila gari halikusimama, likampita mke wake taratibu kama halimwoni. Pembeni yake mkanda wa kiti kitupu ukavutika polepole, ukazunguka kitu chenye kiuno, ukajifunga.