Besi wa Benchi la Tatu

Ndugu zangu, sogeeni niwaambie yaliyompata seremala mmoja wa hapa kwetu. Tulimwita Besi, kwa sababu akiimba ile sauti ya nne, nzito ya chini, vioo vya kanisa vilikuwa vinatetemeka.

Jumapili hiyo asubuhi karakana yake ilikuwa imetulia, inanukia vanishi. Mkewe na binti yao walikuwa wameshaenda ibadani, na kutoka huko wangepitia kwa bibi mgonjwa mpaka jioni. Besi alikuwa na kandambili miguuni na simu juu ya meza ya kazi, mhubiri ananguruma humo.

"Ibada ninayo mfukoni," ndivyo alivyozoea kumwambia mkewe. "Mungu ana haja gani na benchi?"

Mkewe alichoka kubishana. Binti naye aliacha kuimba tangu baba yake atoke kwenye kwaya, na Besi hata hakugundua. Jamani, ya simuni tunayaona yote, ya sebuleni yanatupita!

Kilichomkera hasa ni kuhesabiwa. Kanisani kwetu kila benchi lina mlezi wake. Ibada ikiisha, mlezi anaangalia kwenye orodha yake nani hayupo, na asiyekuwepo anafuatwa siku hiyo hiyo. Benchi la tatu, alilokuwa akikaa Besi, mlezi wake ni mama mmoja fundi cherehani, king'ang'anizi kwelikweli, tunamwita Mama Benchi.

"Mnanihesabu kama kuku!" Besi alimfokea siku moja. "Nifute!"

Mama Benchi hakumfuta. Kila Jumapili alikuja na mwenzake kugonga, na kila Jumapili Besi alijibanza nyuma ya makabati, anacheka kimoyomoyo, mpaka wageni waondoke.

Basi siku hiyo akataka kusogeza kabati la milango mitatu, la kubebwa na watu wanne. Peke yake! Akalisukuma kwa bega, mguu mmoja wa kabati ukanasa kwenye ufa wa sakafu, likayumba na kumrudia. Lo! Likamwangukia kifuani na kumbana chini. Akataka kupiga kelele, pumzi haikutosha. Simu iko juu ya meza, haifikiki.

"Mgeukie jirani yako," mhubiri akapaza sauti, "mwambie, ndugu, hauko peke yako!"

Besi akageuza shingo. Jirani yake alikuwa kopo la vanishi. Hapo machozi yakamtoka. Aliogopa kufa, nasema wazi, na aliyemjia akilini ni binti yake.

Mhubiri yule akamaliza, akaingia mwingine. Kifua kinazidi kubana. Ghafla, ngo, ngo, ngo!

"Fundi! Ni sisi wa benchi la tatu!"

Akafungua kinywa. Hewa tupu! Aliyesikika ni mhubiri wa simuni.

"Yumo, anatudharau tu," akasema kinyozi aliyefuatana na Mama Benchi. "Miezi saba tunagonga mlango huu, mama. Twende zetu."

Hatua zikaanza kuondoka. Ee Mungu wangu! Na hapo hapo bando la simu likaisha. Mhubiri akakatika katikati ya haleluya, karakana ikawa kimya.

Besi hakuwa na pumzi ya kupiga kelele, lakini ya kuvumisha wimbo midomo ikiwa imefumbwa alikuwa nayo. Akafumba macho, akavumisha sauti yake ya nne ya wimbo wa kufunga ibada. Mmm. Mmm. Chini kabisa.

Mama Benchi akasimama. "Hiyo si simu. Hiyo ni besi yetu! Vunja mlango!"

Kinyozi akavunja, kisha akatoka mbio kuwaita waliokuwa bado uani mwa kanisa. Wakaja wanane, jasho linawatiririka. "Moja, mbili, nyanyua!" Mbavu tatu zilikuwa zimevunjika, lakini roho ilikuwepo.

"Mama," Besi akanong'ona, "kwa nini hukunifuta?"

"Nikufute wewe, halafu sauti ya nne aimbe nani? Nyamaza sasa, tunza pumzi. Mazoezi ni Alhamisi."

Leo yuko benchi la tatu, binti yake anaimba kando yake. Na ibada ikiisha, anayetangulia kwenda kugonga milango ni yeye.

FUNZO

Ndugu Mkristo, mahubiri ya simuni ni mema, yasikilize. Lakini simu haijui kama umekosekana, wala haiwezi kukuinulia kabati. Kristo alituita tuwe mwili mmoja, na kiungo hakiishi kikiwa peke yake. Usiombe kufutwa. Na sisi tulio ndani tusichoke kugonga. Jumapili hii angalia benchi lako. Nani hayupo? Mfuate siku hiyo hiyo.